Muswada Binafsi Si Muswada wa Siri



Wiki chache zilizopita nilikuwa nikisahihisha zoezi la tafsiri la kidato cha tatu. Nilikuwa nimewapa aya moja ya gazeti la Kiingereza iliyoeleza jinsi mbunge anavyoomba kibali cha Bunge ili alete muswada wake mwenyewe. Baadhi ya madaftari yaliandika "bili ya mbunge", kana kwamba mheshimiwa alikuwa anadaiwa pesa za umeme. Nilicheka, nikachora mstari mwekundu, nikaendelea. Lakini daftari moja lilinisimamisha. Mwenye daftari hilo ni msichana mwangalifu, msomaji wa kamusi, na yeye aliandika "muswada wa siri wa mbunge". Nilipomwita na kumuuliza sababu, alijibu bila kusita: "Mwalimu, jambo la mtu binafsi huwa ni siri yake. Sisi wengine tutalijuaje?"

Sikumpa alama, lakini jibu lake lilinifuata hadi nyumbani. Msichana yule alikuwa amekosea katika lugha, na papo hapo alikuwa amegusa shaka ambayo watu wazima wengi wanayo kuhusu Bunge lolote. Wanapolisikia neno "binafsi" likiandamana na neno "muswada", hudhani kuna kitu kinapikwa jikoni huku mlango umefungwa. Ninataka kukuonyesha leo kwamba utaratibu wa kamati ulibuniwa hasa ili mlango huo usifungwe. Nitakueleza pia ni wapi unakwama.

Tuanze na maneno, maana mimi ni mwalimu wa lugha kabla sijawa kitu kingine. "Muswada" limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya weusi: karatasi iliyotiwa weusi wa wino, yaani andiko la kwanza ambalo bado halijawekwa safi. Ndiyo sababu mwandishi wa riwaya naye huita maandishi yake muswada kabla hayajapigwa chapa. Ukilijua hilo, umeshajua nusu ya somo. Muswada ni kitu kinachoweza kufutwa, kusahihishwa na kuandikwa upya, na mtu anayekuambia kwamba muswada umekwisha kuwa sheria kwa sababu tu umesomwa Bungeni hajui anachosema. "Binafsi" nalo ni la Kiarabu, lenye maana ya "kwa nafsi". Halina harufu yoyote ya siri. Ukisema "nilikwenda mimi binafsi", unamaanisha kwamba ulikwenda mwenyewe bila kutuma mtu, pengine mchana kweupe mbele ya kijiji kizima.

Ugumu ni kwamba Kiswahili kinaliita kwa jina moja jambo ambalo mabunge yenye asili ya Uingereza huliona kuwa mambo mawili. La kwanza ni muswada unaoletwa na mbunge kwa nafsi yake, bila kutumwa na serikali, ingawa sheria atakayoizaa itamhusu kila raia. La pili ni muswada unaohusu mtu mmoja, kampuni moja au mji mmoja: kampuni inataka ruhusa ya kupitisha reli katika mashamba ya watu, au mji unataka mamlaka ambayo miji mingine haina. Huu wa pili ndio mkongwe zaidi, na ndio uliowafundisha wabunge wa zamani jinsi kamati inavyopaswa kufanya kazi. Kwa kuwa sisi nchini Uganda tulirithi taratibu nyingi za Bunge kutoka kwa Waingereza, niruhusu nikupeleke London kwa muda mfupi, katika mwaka wa 1825.

Wafanyabiashara wa miji ya Liverpool na Manchester walikuwa wamechoka na mifereji. Pamba ilifika bandarini, kisha ikasafiri polepole kwa mashua, na wenye mifereji walitoza walivyotaka. Wafanyabiashara hao wakaazimia kujenga reli, lakini reli hupita katika ardhi ya watu, na hakuna kampuni iliyoweza kumlazimisha mtu auze ardhi yake bila sheria ya Bunge. Basi wakapeleka muswada wao. Waliopinga walikuwa wazito: wamiliki wa mifereji na mabwana wakubwa wa ardhi, akiwamo bwana wa Derby na yule wa Sefton, ambao walinzi wao waliwafukuza wapima ardhi mashambani.

Muswada ulipelekwa kwenye kamati ya Bunge, na kamati hiyo ilikaa kama mahakama. Mwenye muswada alikuja na mawakili na mashahidi wake, na wenye pingamizi walikuja na wao. Aprili mwaka huo fundi George Stephenson aliitwa kueleza mpango wa reli. Alikuwa mtu aliyejifunza kusoma ukubwani, mwenye lafudhi nzito ya kaskazini, na alijua mitambo kuliko karibu kila mtu aliyekuwa chumbani. Wakili wa upande wa pili, Edward Alderson, hakumuuliza sana kuhusu mitambo. Alimuuliza kuhusu vipimo. Daraja la mto Irwell litakuwa na matao mangapi? Mto una upana gani mahali pale? Maji hupanda kiasi gani wakati wa mafuriko? Stephenson hakuwa na majibu ya uhakika. Wasaidizi wake walikuwa wamekosea vipimo, naye hakuwa amevikagua. Alitoka katika chumba kile amevunjika heshima, na muswada ukashindwa.

Ninaipenda habari hii kwa sababu haina shujaa safi. Waliopinga walikuwa wanalinda mapato yao ya mifereji. Hakuna aliyedanganyika kuhusu hilo. Hata hivyo maswali yao yalikuwa ya haki, kwa maana daraja lisilojua kimo cha mafuriko huua watu. Wenye reli walirudi nyumbani, wakaajiri wapimaji wengine, wakabadilisha njia ili ikwepe baadhi ya ardhi za mabwana wale, kisha wakarudi na muswada mpya. Ulipita Mei 1826, na reli ikafunguliwa Septemba 15, 1830. Kamati ilikuwa imewalazimisha waifanye kazi yao vizuri zaidi. Lakini usiitukuze kupita kiasi. Wataalamu wa upande wa pinzani walikuwa wameapa kwamba reli haiwezi kuvuka kinamasi cha Chat Moss, na walikosea: Stephenson huyohuyo alirudishwa kazini akaivusha. Isitoshe, sehemu ya upinzani wa 1825 ilinyamaza mwaka uliofuata baada ya mwenye mfereji mkubwa kupewa nafasi ya kununua hisa 1,000 za reli. Hilo halikutokana na ushahidi wa shahidi yeyote.

Kulikuwa na kasoro nyingine. Katika kamati za miaka ile, mbunge mwenye masilahi katika jambo linalojadiliwa aliweza kukaa na kupiga kura, hata kama hakuwa amesikiliza ushahidi. Katika miaka ya 1840, miswada ya reli ilipofurika kama mvua ya masika, Bunge lile liliona aibu na kuanza kuunda kamati ndogo za watu wasio na masilahi. Mpaka leo, muswada wa aina hiyo ukipata pingamizi, wabunge 4 tu huketi kuusikiliza katika Baraza la Makabwela, na kila mmoja hutia saini kwamba yeye hana faida yake mwenyewe ndani yake na kwamba watu wa jimbo lake hawaguswi nao. Yaani mtu hawi hakimu wa shamba la shemeji yake.

Na tena kulikuwa na suala la fedha. Kabla ya mwaka 1857 Mwingereza aliyetaka talaka kamili, inayomruhusu kuoa tena, alihitaji sheria yake binafsi kutoka Bungeni. Talaka zilizopatikana kwa njia hiyo zilikuwa zaidi ya 300 katika muda wa karibu miaka 200, na wanawake waliofanikiwa kupata walikuwa 4 tu. Maskini walikuwa na ndoa mbaya vilevile. Walichokosa ni nauli, wakili na ada. Mlango wa kamati ulikuwa wazi, lakini ulikuwa juu ya ngazi ambayo wengi hawakuweza kuipanda. Naomba uiweke picha hiyo ya ngazi kichwani, kwa sababu tunarudi nyumbani sasa.

Hapa kwetu muswada binafsi unaosikika magazetini ni ule wa aina ya kwanza, wa mbunge. Kifungu cha 94 cha Katiba ya mwaka 1995 kinampa kila mbunge haki ya kuleta muswada wake, na kinakwenda mbali zaidi: wizara inayohusika inatakiwa kumpa msaada unaofaa, na ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali inatakiwa kumsaidia kuuandika kitaalamu. Kwanza mbunge huomba kibali cha Bunge. Akikipata, hutafuta cheti cha Wizara ya Fedha kinachoeleza muswada utaigharimu serikali kiasi gani. Kisha muswada huchapishwa katika Gazeti la Serikali, husomwa mara ya kwanza bila mjadala, na Spika huupeleka kwenye kamati. Kamati ina siku 45 za kurudisha taarifa.

Katika siku hizo 45 ndipo muswada hufanyika sheria au hufa, ingawa kamera za televisheni huwa zinangojea siku ya kura. Kifungu cha 90 kinaipa kamati mamlaka ya kumwita waziri, mtumishi wa umma au raia wa kawaida aje kutoa ushahidi au alete maoni kwa maandishi, na katika kuwalazimisha mashahidi wafike ina nguvu za Mahakama Kuu. Mbunge mwenye muswada huja mbele yake kama Stephenson alivyokuja: akauelezee, aulizwe maswali, na asijifiche nyuma ya makofi ya wenzake. Wanakuja wanasheria, viongozi wa dini, vyama vya wafanyakazi, mashirika ya wanawake. Wajumbe wasiokubaliana na wenzao huandika maoni ya wachache, na maoni hayo husomwa Bungeni pamoja na taarifa ya wengi.

Usidhani kwamba miswada hii ni ya mapambo. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ya mwaka 2010 ilianza kama muswada binafsi wa mbunge Chris Baryomunsi. Sheria ya kuzuia mateso ya mwaka 2012 ilianza kama muswada binafsi wa Wilfred Niwagaba. Serikali ina mambo mengi mezani, na pengine lile linalomuumiza msichana wa Sebei halifiki juu ya rundo. Mbunge mmoja akiamua kulibeba yeye binafsi, linafika.

Sasa nikuambie kisa kinachotuonyesha thamani ya kamati kwa njia ya kinyume. Mwaka 2017 mbunge wa Igara Magharibi, Raphael Magyezi, alileta muswada binafsi wa kurekebisha Katiba. Shabaha yake kubwa ilikuwa kuondoa kikomo cha umri wa mgombea urais, ambacho kilikuwa miaka 75. Huenda ulikuwa mdogo wakati huo, lakini huenda pia unakumbuka wabunge wakirushiana viti kwenye televisheni. Sikuulizi uliunga mkono upande gani, wala sitakuambia wangu. Darasani kwangu kuna watoto wa pande zote. Ninachotaka ukione ni hiki. Muswada ulichapishwa, ukapelekwa kwa Kamati ya Sheria na Mambo ya Bunge, na watu walikwenda kusema waliyoyasema kuhusu umri wa rais. Katika muswada ule uliochapishwa hapakuwa na pendekezo hata moja la kurefusha muda wa Bunge. Lakini Desemba, muswada ulipopitishwa, ulitoka na kifungu kipya ndani yake: wabunge wangekaa miaka 7 badala ya 5, wakiwamo walewale waliokuwa wakipiga kura siku hiyo.

Julai 26, 2018, Mahakama ya Katiba ilipokaa Mbale ilitoa hukumu. Kuhusu umri wa rais, majaji 4 kati ya 5 waliiacha sheria isimame, na Mahakama ya Juu ikakubaliana nao Aprili mwaka uliofuata kwa majaji 4 dhidi ya 3. Kuhusu ile miaka 7, majaji wote 5 wa Mbale waliifuta. Haikuwa sehemu ya jambo ambalo mbunge aliliombea kibali, wananchi hawakushirikishwa, na ilibeba gharama kwa hazina ya umma ambayo kifungu cha 93 hakiruhusu muswada usio wa serikali kuibeba.

Mara nyingi nimemfikiria msichana wangu wa "muswada wa siri" nikiikumbuka hukumu hiyo. Kikomo cha umri, upende usipende, kilipigiwa kelele miezi mitatu mbele ya kila mtu. Ile miaka 7 ndiyo iliyokuwa na siri ndani yake, kwa sababu iliingia baada ya wananchi kukwisha kusema. Ukitaka kujua kama muswada ni wa siri, usiangalie kama ni wa mbunge au wa waziri. Linganisha uliochapishwa na uliopitishwa, kisha uulize tofauti iliyopo ilizungumziwa mbele ya nani.

Nimekitaja kifungu cha 93, na sitakipita bila kunung'unika kidogo. Kinakataza Bunge kuendelea na muswada unaoweka kodi au unaochota fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa umeletwa na serikali. Sababu yake naielewa. Kama kila mmoja wa mamia ya wabunge angeweza kuahidi jimbo lake hospitali kwa muswada binafsi, hazina ingebaki na mwangwi. Lakini ni sheria gani isiyogharimu hata shilingi? Hata sheria ya kukataza jambo inahitaji polisi wa kuisimamia na karatasi ya kuichapisha. Kwa hiyo cheti cha gharama kikawa kufuli, na ufunguo ukawa mikononi mwa wizara ambayo pengine haiupendi muswada wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 ilijitahidi kulegeza kufuli hilo kwa kusema kwamba siku 60 zikipita tangu cheti kiombwe bila jibu, kitahesabiwa kuwa kimetolewa. Ni dawa nzuri. Ila siku 60 za kungoja tu, kabla hata ya kusomwa mara ya kwanza, ni nyingi kwa mbunge aliye peke yake.

Kuna kitu kinachonisumbua kuliko kufuli hilo, nacho ni ngazi niliyokuomba uikumbuke. Mimi ninafundisha karibu na mpaka wa Busia. Kutoka hapa hadi Kampala ni karibu kilomita 200. Mchuuzi wa samaki anayetaka kuiambia kamati kwamba kifungu fulani kitamfilisi anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, siku mbili za kuacha biashara, na Kiingereza cha kusimama nacho mbele ya wajumbe. Kwa hakika anaweza kuandika. Lakini ili aandike lazima kwanza ajue kwamba muswada upo, na unatangazwa katika Gazeti la Serikali ambalo katika soko letu sijaona mtu akifungia hata karanga. Hivyo siku 45 zinakwisha, kamati inawasikiliza wanaoishi karibu na ngazi, na taarifa inaandikwa kwamba wadau walishirikishwa. Si uongo. Wadau wa Kampala walishirikishwa.

Ndiyo maana maoni yangu, ambayo nayatoa kama mwalimu mwenye stashahada na chaki, ni kwamba kila muswada binafsi unaogusa maisha ya watu wengi ungelazimishwa, ndani ya siku hizo 45, kusikilizwa angalau katika miji miwili au mitatu nje ya Kampala, na muhtasari wake usomwe redioni katika lugha ambazo watu hununulia na kuuzia. Utaniambia kwamba hilo linahitaji fedha. Ni kweli. Miaka 7 ya wabunge nayo ingehitaji fedha, tena nyingi zaidi.

Na hapa ndipo jambo hili linapokugusa wewe, unayejifunza lugha hii. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya kifungu cha 6 kiseme kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, itakayotumika katika hali ambazo Bunge litaziainisha kwa sheria. Soma tena maneno ya mwisho. Katiba haikusema "kitumike kila mahali", wala haikumwachia waziri. Ililikabidhi Bunge kazi ya kutaja hali hizo: mahakamani, hospitalini, mpakani, popote. Baraza la Mawaziri lilipoamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, nilifurahi, nikawaambia wanafunzi wangu, wakapiga makofi. Lakini uamuzi wa Baraza la Mawaziri ni uamuzi wa Baraza la Mawaziri. Kifungu cha 6 kinataka sheria ya Bunge, na sheria huanza na weusi wa wino wa mtu fulani.

Si lazima mtu huyo awe waziri. Mbunge mmoja anaweza kuomba kibali. Akipendekeza kuunda chombo kipya chenye wafanyakazi na magari, atajigonga kwenye kifungu cha 93, na ndivyo ilivyo. Lakini akipendekeza tu kwamba raia anayeandikia ofisi ya wilaya kwa Kiswahili apokelewe, au kwamba fomu za forodha hapa Busia ziwe na Kiswahili pembeni, Wizara ya Fedha itakuwa na kazi ngumu kidogo kueleza gharama ni ipi. Kisha muswada wake utakwenda kwenye kamati, na watakuja wenye pingamizi. Tusiwadharau. Kuna Waganda ambao Kiswahili kiliwafikia kwa mdomo wa askari katika miaka ya 1970, kikiambatana na kitako cha bunduki, na mpaka leo wakisikia "simama!" mioyo yao huruka. Kuna wanaoogopa kwamba Kiganda, Kiacholi au Lusoga vitasukumwa pembeni. Walimu watauliza vitabu viko wapi. Hayo yote ni maswali ya daraja la mto Irwell: yanauma, na lazima yawe na majibu. Mtu anayependa Kiswahili kwa kweli afike na vipimo vyake amevikagua.

Baada ya somo hilo niliwapa kidato cha tatu kazi. Kila kundi liandike waraka wa ukurasa mmoja kwa kamati ya Bunge kuhusu muswada wa kubuni wa matumizi ya Kiswahili: nusu ya makundi waunge mkono, nusu wapinge, na wote wataje mtu mmoja wanayemfahamu ambaye sheria hiyo ingemgusa. Kundi moja la wapinzani liliandika kuhusu bibi wa mmoja wao, anayezungumza Lusamia tu, ambaye tayari hajui cha kufanya na Kiingereza cha zahanati. Wakauliza kama lugha ya pili rasmi ingekuwa kwake msaada au ukuta wa pili. Sikuweza kuwajibu papo hapo, na niliwapa alama za juu kuliko wote.

Msichana wangu aliandika wa kuunga mkono. Alimtaja mama yake, anayeuza vitenge pande zote mbili za mpaka na kujadiliana bei kwa Kiswahili kutwa nzima, kisha hushindwa kusoma karatasi ya ushuru aliyopewa. Alipomaliza aliuliza, "Mwalimu, kama kweli tungeutuma, tungeutuma kwa Kiswahili?"

Nilimwambia aandike nakala mbili, ya Kiswahili juu na ya Kiingereza chini yake, na azibane pamoja kwa pini.